Ukimsomesha Mfanyakazi, Halafu Akaondoka

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi, lakini ndani yake ni lilelile. Mwenye gereji anauliza kama amlipie fundi wake kozi ya umeme wa magari. Mwenye duka la dawa analalamika kuwa amesomesha wauzaji wawili na wote sasa wanauza kwa jirani. Mama mwenye mgahawa ana mpishi anayetaka kwenda kusomea hoteli, na anahofia kuwa akimsaidia ada atakuwa amempa nauli ya kuondokea. Wote humalizia palepale: "Nikimfundisha, si nitakuwa nimemwandalia mwenzangu?"

Jibu langu huwa haliwapendezi: ndiyo, huenda. Mtu mzima mwenye ujuzi mikononi hakai mahali asipotaka, hata umsainishe karatasi ngapi. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza utamzuiaje. Uliza hivi: akikaa mwaka mmoja tu baada ya kozi, pesa yangu itakuwa imerudi? Kama itakuwa imerudi, mpeleke, na kila mwezi atakaozidisha ni faida yako. Kama hesabu yako inadai akae miaka mitano ndipo upate chako, kozi hiyo si yako kuilipia, hata mtu mwenyewe awe mwaminifu kiasi gani.

Kazi iliyobaki ni kupanga mambo ili huo mwaka utoshe, na ili ukiisha asiwe na haraka ya kufunga mizigo.

## Piga hesabu kabla hujamwambia mtu

Chukua karatasi, igawe mara mbili. Upande wa kushoto andika kila kitakachotoka mfukoni:

- ada ya kozi na ada ya mtihani;
- nauli, malazi na posho ya kujikimu kama kozi iko mji mwingine;
- mshahara wake wa siku atakazokuwa darasani;
- kibarua wa kuziba pengo, au saa za ziada za wenzake;
- kifaa atakachohitaji akirudi ili aweze kuutumia huo ujuzi.

Wengi huandika ada peke yake. Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika kuliko yote, na nitaurudia huko mbele kwa sababu umewaondoa mafundi wengi.

Upande wa kulia andika kile ambacho kukosa ujuzi huo kunakugharimu kila mwezi. Tuseme gereji yako haina mtu wa kupima magari kwa kompyuta, na kila mwezi unapeleka magari sita kwa mwenzako, shilingi 40,000 kwa gari. Hizo ni 240,000 zinazotoka kila mwezi. Ada ya kozi ni 600,000, nauli na posho 240,000, jumla 840,000. Kwa kasi hiyo pesa ya kozi inarudi katika miezi mitatu na nusu. Ongeza mshahara wa wiki za darasani, ongeza mwendo wa pole wa mtu aliyetoka kujifunza, na sema muda ufike miezi minane. Bado uko ndani ya mwaka. Mashine ya kupimia umeiandika kushoto ili usiisahau, lakini usimbebeshe yeye katika hesabu hii ya kurudisha pesa, maana akiondoka mashine inabaki kwako.

Ukishindwa kujaza upande wa kulia, simama hapo. Labda tatizo lako si ujuzi. Nimeona mgahawa ukipeleka wahudumu kwenye semina ya huduma kwa mteja wakati wateja walikuwa wanakimbia kwa sababu jikoni kulikuwa na jiko moja tu na chakula kilichelewa. Wahudumu walirudi wanatabasamu vizuri zaidi. Chakula kiliendelea kuchelewa.

## Ujuzi wa hapahapa na ujuzi wa kubebeka

Kuna mafunzo ambayo hayana thamani nje ya mlango wako: jinsi unavyopanga stoo, wateja wako wakubwa wanataka nini, mchuzi wenu unapikwaje, ripoti ya jioni inajazwaje. Hayo mpe kila mtu, wiki ya kwanza, bila mkataba wala masharti. Hakuna anayeacha kazi kwa sababu ameijua stoo yako.

Kuna mengine yanayobebeka. Leseni ya udereva ya daraja la juu, cheti cha VETA, mitihani ya uhasibu, uwezo wa kuendesha Tally au QuickBooks. Haya mtaa mzima unayataka.

Mfano mzuri ni maduka ya dawa muhimu, yale yanayoitwa DLDM, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003. Duka la namna hii haliendeshwi na yeyote aliyepatikana. Anayetoa dawa lazima awe amepita mafunzo yanayotambuliwa. Mwenye duka akimlipia binti ada, cheti kinatoka kwa jina la binti, na kila mwenye duka la namna hiyo anamhitaji mtu kama yeye. Hapo usijidanganye kuwa umenunua uaminifu. Umemfanya mtu awe ghali zaidi, na ni wewe unayepaswa kuwa wa kwanza kuitambua bei yake mpya. Mpandishie mshahara wiki aliyofaulu. Ukisubiri jirani ataje bei, utakuwa unajadiliana na mtu ambaye moyo umeshahama.

Kwa mafunzo ya kubebeka, kabla ya kufikiria mkataba wowote wa kumfunga, fikiria kugawana gharama. Njia ninayoipenda mimi kuliko zote ni ya kulipa nyuma:

1. Mfanyakazi analipa sehemu ya kwanza ya ada, hata kama ni robo. Akishindwa kabisa, mkopeshe kwa maandishi.
2. Wewe unalipa sehemu kubwa akifaulu, ukiwa umeyaona matokeo ya mtihani.
3. Unamrudishia ile robo yake akitimiza miezi sita kazini baada ya kufaulu.

Mpango huu hauachi mtu akimdai mwenzake mahakamani. Akiondoka mapema, amepoteza robo yake na wewe hujakimbizana na mtu. Tena utashangaa jinsi watu wasiotaka kweli kusoma wanavyojitoa wenyewe wakisikia neno "robo".

## Nani aende

Makosa ya kuchagua ni machache lakini yanajirudia kila ofisi:

- Kumpeleka ndugu. Mpwa wako akirudi na cheti, walio na miaka saba kwako watakuwa wameelewa kwamba hapo hakuna njia ya kupanda. Utampoteza ambaye hukumsomesha.
- Kumpeleka anayepiga kelele. Anayetishia kuondoka kila mwezi ukimtuliza kwa kozi, umewafundisha wengine kutishia.
- Kumpeleka asiyehitajika. Msimamizi akiombwa jina, hutoa la mtu ambaye kazi haitasimama akiwa hayupo. Huyo kwa kawaida ndiye wa mwisho kufaidika.
- Kumnyima mwanamke kwa hoja kwamba ataolewa au atapata mtoto. Hili si kosa la hesabu tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na nafasi za mafunzo zimo ndani yake.

Mtafute yule ambaye tayari anaifanya nusu ya kazi hiyo kwa kubahatisha, na ambaye wenzake wakikwama humwendea yeye. Ukiweza, andaa watu wawili, mmoja mwezi huu na mwingine baada ya miezi mitatu. Ujuzi ulio katika kichwa kimoja huenda nacho kikiondoka; hata malaria ya wiki moja inatosha kukuonyesha hilo.

Na kama una fundi aliyejifunza kazi kijiweni, mkono wake mzuri lakini hana karatasi, huenda hahitaji kurudi darasani kabisa. VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo anapimwa kwa anachokijua tayari, anajaziwa mapengo na kupewa cheti. Hutamkosa kazini kwa miezi.

## Kaeni chini kwanza

Kabla ya kulipa hata senti, tafuta saa moja ya utulivu, si dirishani huku wateja wamesimama. Muulize haya, kisha unyamaze umsikilize:

- "Ukimaliza kozi hii, baada ya mwaka unajiona ukifanya kazi gani?"
- "Kuna jambo gani hapa lingekufanya uondoke hata bila kozi?"
- "Nyumbani nani atabeba mzigo jioni ukiwa darasani?"

Swali la pili ndilo lenye mali. Mara nyingi utasikia mambo yasiyohusiana na mafunzo: mshahara unaochelewa hadi tarehe kumi, msimamizi anayetukana mbele za wateja, makato ya NSSF ambayo hayaonekani kwenye akaunti yake. Ukiyasikia hayo, yatengeneze kwanza. Kumsomesha mtu ambaye mshahara wake unachelewa ni kumpa sababu na uwezo kwa wakati mmoja.

Kisha na wewe useme wazi. Mwambie cheo kitakuwa nini na mshahara utapanda kwa kiasi gani, kwa tarakimu. Kama huwezi kupandisha, sema sasa. Mtu aliyeambiwa ukweli mapema anaweza kukubali kwenda kwa ajili ya ujuzi wenyewe. Aliyeahidiwa "tutaangalia ukirudi" amesikia ahadi, na atakuja kuidai.

Itatokea mmoja akujibu kwamba ndoto yake ni kufungua gereji yake mwenyewe. Wengi hapo huifunga pochi. Mimi ningempeleka. Angalau unaijua tarehe, na mtu anayejiandaa kusimama peke yake huwa na bidii ya kujifunza kila kitu, pamoja na yale usiyoweza kumlazimisha mwajiriwa wa kawaida ayajali.

## Mkataba wa mafunzo: uwe mfupi na uishe

Kama gharama ni kubwa na kulipa nyuma hakuwezekani, andikeni mkataba. Wengine huuita bondi. Mkataba mzuri wa namna hii una ukurasa mmoja au miwili na unakuwa kwa Kiswahili kama mfanyakazi anaelewa Kiswahili. Uwe na:

- jina la kozi, chuo na tarehe;
- gharama halisi kwa mchanganuo, kila moja na risiti yake;
- muda wa kutumikia baada ya kufaulu;
- deni linalopungua kila mwezi anaotumikia;
- hali zinazofuta deni: ukimpunguza kazi, akiugua asiweze kazi, au wewe ukishindwa kutimiza ulichoahidi;
- yaliyo upande wako: cheo, nyongeza, kifaa;
- sahihi zenu na za mashahidi, na nakala yake akae nayo yeye.

Kupungua kwa deni ndiyo roho ya mkataba. Rudi kwenye zile 840,000. Kwa miezi 12, kila mwezi anaotumikia unafuta 70,000. Akiondoka baada ya miezi mitano, imebaki saba, anadaiwa 490,000. Akiondoka baada ya kutimiza miezi 12, hadaiwi kitu na mnapeana mikono. Mkataba unaodai gharama yote hata kama amebakiza wiki moja ni adhabu tupu, na mbele ya msuluhishi utautetea kwa shida.

Muda nao usiuvute. Kwa kozi ya wiki chache, miezi sita inatosha. Kwa kozi ya miezi mitatu au minne, mwaka. Nikiona karatasi inayomfunga mtu miaka mitatu kwa semina ya siku tano, najua mwajiri huyo tayari ana tatizo la watu kuondoka na anatafuta uzio.

Sasa maonyo, na haya yasome mara mbili:

Usikate mshahara kwa mkono wako. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 28 cha ile Sheria ya 2004 kinaeleza makato yanayoruhusiwa: yale yanayotakiwa na sheria, makubaliano ya pamoja au amri, na deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe. "Nilimwambia kwa mdomo" si maandishi. Ukizuia mshahara wa mwezi wa mwisho kwa hasira, wewe ndiye utakayeitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na deni lako halali litazikwa chini ya kosa lako. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, na Kenya ya mwaka 2007; huko nako mshahara si sanduku la kuchotea. Mwanasheria akupitie mkataba mara moja, kisha utumie umbo hilohilo kwa watakaofuata.

Usishike vyeti halisi. Kuna waajiri wanaofungia vyeti vya watu kabatini kama dhamana. Cheti ni mali ya aliyefaulu. Chukua nakala, mrudishie chake siku hiyohiyo.

Usihesabu mshahara wa darasani kama deni. Siku hizo alikuwa mfanyakazi wako, umemtuma wewe.

Usiandike kwamba akiacha asifanye kazi hiyo mjini. Fundi magari asiyeruhusiwa kufanya ufundi magari ale nini? Vifungu vya kumzuia mtu riziki huwatia wafanyakazi hofu tu, havikupi chochote utakachoweza kukisimamia.

Na ukishausaini, uweke kwenye faili. Mkataba unaotajwa kila wiki haujengi heshima.

## Siku thelathini baada ya kurudi

Hapa ndipo watu wanapoondokea. Kozi imekwisha Ijumaa, Jumatatu fundi anarudi na daftari limejaa, kichwa kinawaka. Anakuta mashine haijanunuliwa. Anaambiwa kuna magari mawili ya kubadilisha breki. Jumanne vilevile. Mwezi wa pili ameanza kusahau, na mwezi wa tatu mtu mmoja aliyekuwa naye darasani anampigia: kwao mashine ipo, anatafutwa mtu. Hapo usimlaumu jirani. Ulimpeleka mtu akajifunze kuogelea kisha ukamrudisha jangwani.

Kwa hiyo, kabla hajarudi:

- kifaa kiwepo, hata kama ni cha mkopo au cha mkono wa pili;
- kazi ya kwanza ya kutumia ujuzi mpya iwe imeshapangwa, yenye tarehe na mteja;
- wenzake wajue nani sasa ataulizwa kuhusu nini.

Wiki ya kwanza, mpe nusu siku afundishe wengine alichojifunza, kwa vitendo, kwenye gari au jiko au kompyuta halisi. Aandike kurasa mbili tatu za hatua kwa hatua, au apigwe video kwa simu akifanya kazi. Hili lina faida tatu: ujuzi unakaa kwake, unaenea kwa wengine, na unabaki kwako siku akienda. Mlipe posho kidogo kwa kufundisha. Ukimfanya afundishe bure huku unamkumbusha kwamba kozi ulilipia wewe, atafundisha nusu na kuificha nusu nyingine, nami sitamshangaa.

Wenzake nao waangalie. Kijembe cha "msomi wetu" huanza kama utani na huishia kwenye kususiwa. Ukiwa umewaeleza mapema kwa nini alichaguliwa yeye na lini itakuwa zamu ya mwingine, kijembe hukosa makali.

Nyongeza ya mshahara igawe mara mbili: ya kwanza mwisho wa mwezi aliorudi, ya pili baada ya miezi sita akionyesha kazi. Wenye uwezo huweka pia kiasi cha kumpa akitimiza mwaka. Kitu kilicho mbele humshika mtu kuliko deni lililo nyuma.

Halafu kuna masimango. Nayataja peke yake kwa sababu katika barua na simu za wafanyakazi wenyewe, maana nao huniandikia, hili hujitokeza mara nyingi kuliko mshahara mdogo. "Mimi ndiye niliyekutoa kijiweni." "Ungekuwa wapi bila mimi?" Mwajiri husema kwa mzaha mbele ya wateja, na kwake ni kujivunia. Msikilizaji anahesabu siku. Mafunzo uliyalipia kwa sababu biashara yako iliyahitaji. Ukiyageuza kuwa sadaka, aliyepewa atatafuta mahali ambapo hana wa kumshukuru kila asubuhi.

## Pesa ya mafunzo ambayo tayari unalipa

Fupi, lakini angalia. Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, kwa asilimia ya mishahara yote. Kiwango kimekuwa kikishushwa kwa miaka: kilikuwa asilimia 6, na Julai 2023 kilifika 3.5. Thibitisha na mhasibu cha mwaka huu. Sehemu ya pesa hiyo ndiyo inayoendesha VETA, kwa hiyo usione haya kwenda chuo kilicho karibu kuuliza kuhusu kozi fupi na uanagenzi. Umeshachangia.

Kenya, mwajiri huchangia shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwenda NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo. Kosa la kawaida ni kupeleka risiti baada ya kozi. Idhini huombwa kabla, na mkufunzi lazima awe amesajiliwa nao.

## Mnayozidi kuniuliza

"Si bora niajiri aliyesoma tayari?" Wakati mwingine ni bora, hasa kama unahitaji mtu wiki ijayo. Lakini mtu huyo naye alisomeshwa mahali na akaondoka. Hakuna sababu ya kuamini kwako atazeekea. Na bado utamfundisha stoo, wateja na desturi za nyumba, wakati wa kwako anazijua.

"Mimi nina wafanyakazi watatu tu." Basi usipeleke mtu miezi mitatu. Tafuta kozi za jioni au za Jumamosi, au mlete mkufunzi kwako kwa siku mbili na ugawane gharama na wenye biashara wenzako wawili watatu. Wenye saluni hufanya hivi sana na muuzaji wa bidhaa za nywele. Mara nyingine muuzaji mwenyewe hufundisha bila malipo ili dawa yake inunuliwe. Uliza kwa wauzaji wa vifaa kabla ya kulipa chuo.

"Jirani ananinyakulia watu kila nikisomesha." Mara moja ni bahati mbaya. Mara ya tatu, linganisha mishahara yenu, saa za kazi, na siku ya mapumziko. Kwa kawaida jibu limo humo. Mnaweza pia kuzungumza mkapeleka watu pamoja, lakini msikubaliane kamwe kutoajiri watu wa mwenzenu. Huko ni kuwafungia watu soko, na kukijulikana mtakosa hata waombaji.

"Akirudi ataomba mshahara nisioweza." Ulipaswa kulijua kwenye ile saa moja ya mazungumzo. Kama limekukuta tayari, weka mezani vitu vingine: saa za kazi, asilimia ya kazi za ujuzi mpya, nafasi ya kuchagua siku ya mapumziko. Fundi anayepata sehemu ya kila gari analolipima huwa hana haraka ya kuhama.

"Mkataba umevunjwa na hataki kulipa." Mwandikie barua yenye hesabu, mpe nafasi ya kulipa kwa awamu. Akikataa, pima deni lililobaki dhidi ya siku utakazopoteza ukimfuatilia. Chini ya mshahara wako wa wiki mbili, mimi ningeliacha.

## Akileta barua ya kuacha kazi

Usipandishe sauti, na usimpe nyongeza ya papo hapo. Nyongeza inayotoka siku ya barua inawaambia wengine wote jinsi ya kuipata. Mwulize sababu, uandike alivyosema. Kisha:

1. Kubalianeni siku ya mwisho. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi Tanzania Bara ni siku zisizopungua 28. Zitumie kukabidhi kazi. Usimfukuze leo kwa hasira, maana siku hizo ndizo unazozihitaji.
2. Orodhesha kazi anazozijua yeye peke yake. Kila moja iwe na mtu wa kukaa naye na kujifunza kabla hajaondoka.
3. Pokea funguo, vifaa, nywila za kompyuta na za mashine ya EFD, namba za wateja. Badilisha nywila siku anayoondoka.
4. Piga hesabu ya mkataba wa mafunzo kama upo, mbele yake, kwa mwezi aliofikia. Akubali kwa maandishi namna ya kulipa.
5. Mlipe mshahara, likizo iliyobaki na haki zake zote kwa wakati.
6. Mpe cheti cha utumishi. Sheria inakutaka utoe, na si zawadi ya walioondoka vizuri tu.

Wale waliobaki wanaangalia unavyomtendea anayeondoka, na mmoja wao ndiye utakayemwomba aende kozi mwezi ujao. Mwombe anayeondoka namba yake ya simu. Siku ukikwama na gari lisilosomeka, utampigia umlipe kwa saa, na kuna wanaorudi kabisa baada ya kuona kwa jirani nako mshahara huchelewa.